Barua Zinaingia, Hazitoki

Nyinyi mnaotembea mkiinua simu juu kama mtu anayekinga maji ya mvua, wekeni hicho kitu chini kidogo mnisikilize. Wajukuu zangu, na hata nyinyi ambao hamkuzaliwa kwangu. Mkibonyeza mahali na kitu kikatokea, mnadhani mmefanya kazi. Mimi nimefanya kazi ya kutuma barua za watu pale Kebirigo, kwa saiba, lile duka la kompyuta za kukodi, tangu kompyuta zikiwa na mgongo mkubwa kama mzinga wa nyuki mpaka zikawa nyembamba kama chapati. Nilisoma hadi darasa la nne. Nasema hivyo ili msije mkanitafutia makosa ya herufi. Yako, na yatabaki hapo yalipo.

Nilianza kama mtu wa kufagia. Mwenye saiba, marehemu Bwana Tinega, alikuwa mfupi, mkali, na alikunywa chai hadi watu wakasema damu yake ni ya rangi ya majani. Siku moja mtu wake wa kompyuta alienda harusini akasahau kurudi. Bwana Tinega akanitazama na ufagio wangu akasema, "Wewe unajua kusoma?"

"Biblia."

"Biblia ina maneno magumu kuliko haya. Kaa hapo."

Basi nikakaa, na nilikaa miaka mingi.

Nataka niwaambie juu ya seva ya kutoa barua, maana hapo ndipo nimeona watu wazima wakilia. Kompyuta ikiwa na programu ya barua pepe, huwa kuna njia mbili. Moja ya kuingiza, moja ya kutoa. Watu wengi wanadhani ni njia moja, kama mlango wa kanisa. Si moja. Unaweza kupokea barua mwaka mzima na usiweze kutuma hata salamu. Hizo njia kila moja ina seva yake, ina namba yake ya mlango, ina jina la mtumiaji na paswadi yake ya kujazwa. Hata kama jina ni lile lile na paswadi ni ile ile, ni lazima ujaze tena upande wa kutoa. Kompyuta haina huruma ya kusema, "Huyu nimemwona upande ule mwingine, apite."

Zamani haikuwa hivyo. Nilipoanza, mlango wa kutoa ulikuwa namba ishirini na tano, na ulikuwa wazi kama boma la mtu mkarimu. Mtu yeyote alipita na barua yake, hakuulizwa yeye ni nani. Halafu wakaja wale wa kutuma barua elfu elfu, kwamba umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza, kwamba kuna mjane wa jenerali anataka kukupa mali. Hata mzee mmoja wa kanisa hapa kwetu alituma tangazo la kambi kwa kila anwani aliyowahi kuiona, mara kwa mara, akisema ni kukumbusha tu. Seva ikamweka pamoja na wale wezi. Alikuja kwangu na hasira zake: "Mimi? Mimi ni mwizi?" Nikamwambia, "Mzee, seva haiendi kanisani. Inahesabu tu."

Kwa hiyo mlango ukafungwa, wakaweka mwingine, mia tano themanini na saba, wenye mlinzi. Mlinzi huyo anauliza jina na paswadi. Na kuna kale kakisanduku unakotia tiki, kasemako seva ya kutoa inahitaji utambulisho. Ukikasahau, barua zako zitakaa kwenye kisanduku cha zinazotoka mpaka zizeeke.

Bwana Tinega alinifundisha jambo moja ambalo naona hata vyuoni hawalifundishi. Alisema, "Barua ikikataa kutoka, usimuulize mwenyewe ameandika nini. Atakuambia alichokusudia kuandika. Simama nyuma yake, utazame vidole." Nilimdharau mwanzoni. Halafu akaja mteja mmoja, bwana mwenye tai na mkoba, paswadi yake inakataliwa asubuhi nzima. Nikamuuliza, akasema ameandika sawasawa. Nikasimama nyuma yake. Pale pa kujaza paswadi, kama mnavyojua, ukiandika herufi unaona nukta. Yule bwana alikuwa ameona nukta zikitokea siku alipofunguliwa ile anwani, basi naye akawa anaandika nukta. Nukta, nukta, nukta, kwa heshima kabisa, kidole kimoja. Ningemuuliza hadi leo angeniambia ameandika sawa. Na kweli kwa macho yake ilikuwa sawa.

Mwingine barua zake zilikataliwa kwa sababu saa ya kompyuta yake ilikufa betri ikarudi miaka ya nyuma. Seva ikaona mtu wa zamani anagonga mlango leo, ikakataa. Alikuwa ameshaomba watu wa maombi. Tulirekebisha tarehe, barua ikaenda. Maombi sikuyapinga. Lakini tazameni tarehe kwanza.

Sasa niingie kwa lile lenyewe.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani, huku upande wa Sironga, kwa chai yangu na ndizi zangu na ng'ombe wetu aitwaye Keumbu. Tulimnunua soko la Keumbu, akaja na tabia ya kule, kelele nyingi na haraka isiyo na sababu. Mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye mimi humwita Baba Moraa kwa jina la binti yetu, alikuwa ameanzisha kikundi cha wakulima wa avokado. Kazi yenyewe ilifanywa na mke wa mwanangu, Kerubo. Baba Moraa alifanya kazi ya kuwa mwanzilishi.

Msicheke. Kuanzisha ni kazi. Lakini haichafui mikono.

Kerubo ndiye aliyeng'oa migomba upande wa juu, watu wakisema amerogwa. Ndiye aliyezunguka kwa wanawake majirani akiwaambia, pandeni, huu mti utawalipa. Wakapanda kwa neno lake. Miti ikazaa, na mavuno ya kwanza ya kuuzwa nje yakawa karibu kuiva. Hapo wale wanawake wakaanza kumsalimia kwa namna mpya, ile ya mtu anayekusubiri ukosee. "Kerubo, lori linakuja lini?" "Kerubo, hao Wazungu wako wamelala?" Kama lori lisingekuja, mawakala wa barabarani wangechukua avokado hizo kwa bei ya kutupa, na Kerubo angepita njia hii akitazama chini mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuna mtu hapa kwetu husahau. Kuna mama bado anaitwa kwa jina la mbegu ya mahindi iliyomshinda akiwa msichana.

Mnunuzi alikuwa Nairobi. Alikuwa mtu wa masharti. Hakutaka simu, hakutaka ujumbe mfupi. Alitaka barua pepe, itoke kwenye anwani ya kikundi iliyoandikishwa kwake, isemayo tumekubali, leteni lori Jumapili. Barua hiyo imfikie Ijumaa kabla hajafunga ofisi. Isipofika, lori linaenda kwa wengine.

Na anwani ya kikundi ilikuwa jina la Baba Moraa. Jina lake mwenyewe, kisha ile alama ya @, kisha jina la kikundi. Mwanangu Ombui, mume wa Kerubo, alipendekeza waandike jina la kijiji. Mzee akasema barua isiyo na jina lake ni barua ya yatima. Basi ikawa jina lake. Mimi hapa sitalitaja, kwa sababu mtaona wenyewe jina hilo limeleta nini, na pia kwa sababu huyu mzee husoma kila kitu ninachoandika akitafuta mahali alipotajwa.

Wiki ile ile, watu wanaotunza seva, kule mjini Kisii, wakatuma taarifa kwamba wamehamisha seva ya kutoa. Kila mtu abadilishe mpangilio wake. Ombui ndiye aliyekuwa akifanya hayo, lakini alikuwa barabarani akiendesha lori la tajiri wake, simu imezimwa. Kerubo akampigia fundi wao, kijana anaitwa Dani.

Dani ni kijana mzuri, ila anaongea kama anayekimbizwa, na kwake mama ni mathe na bibi ni shosh. "Hiyo ni kitu ndogo sana, mathe. Fungua mpangilio, ingia kwa seva ya kutoa. Jina la seva ni hilo nimekutumia. Mlango ni mia tano themanini na saba. Weka tiki kwa utambulisho. Jina la mtumiaji, andika anwani yote ya mzee. Paswadi, ile ile. Umemaliza."

"Nimemaliza," Kerubo akasema.

Barua haikutoka.

Akajaribu tena, haikutoka. Kompyuta ikaandika kwamba jina la mtumiaji au paswadi si sahihi. Na wakati huo huo zile za kuingia zinaingia tu! Mnunuzi anaandika, "Bado hatujapata jibu lenu." Inaingia. "Tunawakumbusha kwa heshima." Inaingia. "Tunasikitika." Inaingia. Kerubo anasoma, anajibu kwa adabu zote, anabonyeza, jibu linakaa kwenye kisanduku cha zinazotoka kama mgeni aliyeaga lakini hainuki kitini.

Ijumaa ikafika. Kwetu sisi Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalio. Kila kitu kipikwe, nyumba ifagiliwe, maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na hakuna mtu wa boma hili atakayegusa biashara. Hilo mimi sikujadiliana na mtu. Kwa hiyo saa zilikuwa mbili: ya mnunuzi kufunga ofisi, na ya jua kuzama. Zote zinakimbia.

Kompyuta ilikuwa sebuleni kwetu, nyumba kubwa, kwa sababu ndipo umeme wa uhakika ulipo. Kamati ya kikundi ikaja. Hawakuitwa. Mwenyekiti wao alikuwa amevaa koti la mvua na hakuna mvua. Akasimama katikati ya sebule yangu niliyokwisha kufagia.

"Ndugu zangu," akasema, "hili ni suala nyeti. Napendekeza tuunde kamati ndogo ya kuchunguza paswadi."

Nikamuuliza, "Kamati ndogo itachunguza nini, na paswadi ni siri?"

"Itachunguza bila kuiona."

Nyinyi mnacheka, lakini ilipitishwa. Kamati ndogo ikakaa nje, karibu na Keumbu, ikaamua paswadi ibadilishwe. Kerubo akawapigia watu wa Kisii, ikabadilishwa pande zote mbili. Barua haikutoka. Ikaamua ibadilishwe iwe na herufi kubwa. Haikutoka. Mmoja akasema ni mtandao. Mwingine akasema si mtandao, ni wivu wa watu wa ng'ambo ya mto, wana miti midogo. Mwingine akauliza kama kompyuta imewahi kuanguka. Mtu wa nne akala ndizi mbivu zangu nilizoweka za Sabato, huyo nilimwona.

Kerubo akampigia Dani tena, akaweka sauti ya nje ili kamati nzima isikie. Baba Moraa alikuwa kwenye veranda, anatengeneza mpini wa jembe, masikio yote ndani ya nyumba.

"Mathe, hebu nisomee ulichoandika pale kwa jina la mtumiaji."

Kerubo akatupa jicho verandani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nimeandika ya mzee."

"Anwani yote?"

"Yote. Ya mzee."

"Basi hapo uko sawa. Shida ni paswadi. Na ningekuambia utume kwa ukurasa wao wa neti, lakini bado wanauhamisha. Jaribu paswadi polepole."

Mwenyekiti akageuka kwa kamati na uso wa ushindi. "Nilisema. Paswadi."

Mimi nilikuwa jikoni nikigeuza maharagwe. Niliposikia vile, nikamkumbuka Bwana Tinega na chai yake. Kompyuta ilisema jina au paswadi. Watu wote hawa walikuwa wamechunguza paswadi tu. Jina hakuna aliyelichunguza, kwa sababu nani asiyejua jina la mzee wa boma hili? Limeandikwa hata kwenye ndoo.

Nikapangusa mikono nikaingia. "Kerubo, futa hayo yote ujaze upya. Mimi nasimama hapa."

"Mama, nimejaza vizuri."

"Sikukuuliza. Jaza."

Akaandika jina la seva. Sawa. Akaandika mlango. Sawa. Akatia tiki. Akafika pa jina la mtumiaji, vidole vikasimama. Nje, Baba Moraa akakohoa. Kerubo akavuta kitambaa cha kichwa mbele kidogo, kama anapopita mbele ya baba mkwe wake njiani. Kisha akaandika, haraka, bila kutazama: tatabiara. Halafu @. Halafu jina la kikundi.

Kwa nyinyi msiojua lugha yetu, tatabiara ni baba mkwe.

Nikasimama pale nikiangalia lile neno. Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe wake jina. Hiyo ndiyo ensoni, haya ya heshima. Hamtaji, hakai naye karibu, hatumii kiti chake, haingii chumba chake. Siku Kerubo alipoletwa hapa akiwa msichana mwenye viatu vya kuazima, mimi ndiye niliyemkalisha nikamwambia hayo moja moja. Na alishika vizuri kuliko wote. Wengine wa siku hizi humwita baba mkwe jina kama wanaita makanga wa matatu.

Nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, kamati isisikie: "Kerubo, seva haina baba mkwe."

"Najua, Mama."

"Sasa kwa nini?"

"Ulisema nisilitie mdomoni."

"Hiki ni kidole."

"Mama, mimi siwezi kuandika neno bila kulitamka. Nikiandika, mdomo unatembea. Wewe ulinifundisha kuandika hivyo, kwa sauti, ili nisikosee."

Kweli. Bwana Tinega alinifundisha mimi hivyo, nami nikamfundisha yeye. Tazama mdomo wa Kerubo akiandika, utasoma barua yote kabla haijatoka. Na pale mlangoni, hatua chache tu, alikuwa ameketi mwenye jina, anakohoa.

Mtasema, si wewe uliandike? Mnajua mambo ya watu sana. Mimi huyu mzee nimemwita Baba Moraa tangu Moraa azaliwe, na kabla ya Moraa nilimwita "wewe." Singeanza kazi ya kumwita jina siku ya maandalio mbele ya kamati inayokula ndizi. Na kumwambia Mwenyekiti aandike ilikuwa ni kutangaza kosa la Kerubo hadi soko la Kebirigo. Niliwaona akilini wale wanawake wanaosubiri akosee. Nilijua midomo itasema nini: "Yule wa avokado? Hajui hata kuandika jina."

Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie: "Seva mpya inataka mwanzilishi mwenyewe aandike jina lake."

Nje mpini wa jembe ukaanguka. Sijawahi kuona Baba Moraa akiinuka haraka hivyo.

Lakini sasa hapo kuna kazi nyingine. Baba mkwe anaingia kwa mlango wa mbele, mke wa mwana anatoka kwa mlango wa jikoni. Hawawezi kubanana kwenye kompyuta moja. Kerubo akatoka. Mzee akaketi. Akavuta mikono ya shati. Akatazama kibodi kama mtu anayetafuta kuku wake kati ya kuku wa jirani.

Akaanza. Herufi kubwa. Akaandika MZEE. Akaweka nafasi. Akaandika jina lake la kwanza, la ubatizo, na la baba yake. Akafikiri. Akaongeza MWANZILISHI. Akaweka nukta.

"Toa hiyo," nikasema.

"Ipi?"

"Yote isipokuwa jina moja. Kwa herufi ndogo."

"Mimi ni herufi ndogo?"

"Leo, ndiyo."

"Mama Moraa, mimi nilipanda mti wa kwanza."

"Mti ulipanda. Seva hukupanda. Haijui mtu, inajua herufi. Jua hilo linakwenda, Baba Moraa."

Mwenyekiti akataka kusema jambo kuhusu itifaki. Nikamtuma akaangalie kama Keumbu amefungwa. Alikuwa amefungwa, lakini kamati yote ikamfuata kuthibitisha, sebule ikapata hewa.

Mzee akafuta. Akaandika jina lake peke yake, dogo, kidole kimoja, akilitamka kila herufi kwa sauti kama anaita jeshi. Akaandika @ kwa msaada wangu, na yaliyobaki. Kisha akataka kuweka paswadi.

"Paswadi huijui."

"Nani anaijua?"

"Kerubo."

"Aniambie."

"Hatakuambia. Ni siri ya kikundi, na wewe ukiijua kufikia Jumapili itajulikana mpaka mjini Keroka. Ondoka."

Akatoka mbele. Kerubo akaingia nyuma. Kile kiti mzee alikuwa amekikalia, kwa hiyo hakukikalia. Akaandika paswadi amesimama, ameinama, jasho linaanguka kwenye kibodi. Mimi nikasimama nyuma nikitazama vidole. Tiki ipo. Mlango upo. Jina lipo, lile lenyewe, dogo, limekaa kimya kama kuku aliyepata kwake. Alipomaliza akanitazama.

Kwa kawaida mimi husema jitumie barua mwenyewe kwanza, ujaribu. Hata nyinyi fanyeni hivyo, msiwe wajinga. Lakini saa haikuwepo.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Kile kisanduku cha zinazotoka kikazunguka, kikazunguka, kamati ikarudi ikajaa dirishani, Mwenyekiti na koti lake la mvua mbele. Halafu kikawa tupu. Barua ikahamia kwa zilizotumwa. Na zile zingine zote zilizokuwa zimekaa pale wiki nzima zikatoka pamoja nayo, za adabu, za kuomba msamaha, na ile ya tatu, ambayo Kerubo aliiandika kwa hasira akidhani ameifuta. Mnunuzi alizipata zote kwa mpigo. Ndiyo sababu nawaambia, kabla hujatengeneza njia ya kutoa, tazama kwanza ni nini kimelala ndani ya kisanduku.

Tukakaa. Kerubo alikuwa bado amesimama, ameshika ukingo wa meza. Jua lilikuwa limefika kwenye migomba ya jirani. Halafu ikaingia, fupi: "Tumepokea. Lori Jumapili asubuhi. Ile ya tatu tumeisoma pia, na tumeelewa."

Kerubo akaketi. Kwa kile kiti. Kisha akaruka kama ameketi kwenye jiko, akakaa sakafuni akacheka mpaka akalia. Nikazima kompyuta, nikawaambia watu wa kamati waende kwao, Sabato inaingia. Tukafungua Sabato kwa wimbo, na maharagwe yalikuwa yameungua upande mmoja, tukala upande wa pili. Baba Moraa aliomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa teknolojia na kwa wale wanaojulikana nayo kwa majina.

Jumapili lori likaja. Wanawake wakaleta avokado, wakizipanga kama mayai, na yule wa "Wazungu wako wamelala" ndiye aliyefika wa kwanza na akamwita Kerubo "dada." Mwenyekiti akatoa hotuba akaishukuru kamati ndogo ya paswadi. Kerubo alisimama karibu na lori, kichwa juu. Hakuna aliyewahi kujua. Wamejua leo, wakisoma hapa, na avokado zilishalipwa, wafanye watakalo.

Lakini mimi nimefanya kazi ya barua, najua seva ikihama mara moja itahama tena. Ombui atakuwa barabarani tena. Na siku hiyo Baba Moraa anaweza kuwa amekwenda matangani mahali, tukamtafute aje aandike jina lake. Lori lilipoondoka nikaita boma lote nyuma ya nyumba, na Dani, aliyekuja kula avokado za bure, nikamwambia afungue kompyuta yake. Nikasema anwani ya kikundi itabadilishwa, na mnunuzi aandikiwe leo leo.

Dani akasema, "Hakuna shida, shosh. Jina gani?"

Baba Moraa akauliza, "Jina langu linatolewa?"

"Lako litaandikwa kwenye geti, kwa rangi, kubwa, na MZEE mbele na MWANZILISHI nyuma. Kule hakuna paswadi."

Akafikiri. Nikaona geti limempendeza.

Kerubo akaanza, "Mama, mimi naweza kujizoeza tu…"

"Hutajizoeza. Niliyokufundisha sikukufundisha ili nije nikusahaulishe." Keumbu akalia kule zizini, vile anavyolia, kwa haraka isiyo na sababu. Nikanyoosha mkono kule. "Dani, andika Keumbu. Kuanzia leo barua za boma hili zitatoka kwa jina la ng'ombe. Na wewe Kerubo, ukifika pale pa jina usisite, andika, na mdomo utembee unavyotaka. Ng'ombe hana mkwe."